Hela ya kushusha injini sitatuma kwanza

Mdogo wangu Hamisi,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama na kwa wote hapo nyumbani. Mimi mzima. Baridi ipo, tumeizoea, tuyaache hayo.

Ujumbe wako nimeupata, na wa Mjomba, na ule wa Dada wa kumuunga mkono Mjomba. Kumbe kikao mmeshakaa, fundi mmeshamwita, mmeamua injini ya gari la Baba, kwa sababu ya ule moshi wake, ishushwe ikafumuliwe, na mimi kazi yangu ni kutuma hela tu. Hata kuniuliza! Mimi ninayekula kwa injini. Hapa gereji likija gari kuukuu linafuka moshi, bosi mwenyewe hasogei, anasema mwiteni yule. Vijana wa hapa wamezoea kuchomeka kompyuta, na magari ya umri ule hata pa kuchomeka hayana. Wageni wananisikiliza, ndugu zangu wananipa taarifa.

Video yako haitoshi. Kwenye simu moshi wote unaonekana wa kijivu. Nataka macho yako na pua yako.

Moshi mweupe mwepesi wa asubuhi, unaopotea injini ikipata moto, ni mvuke tu, msihangaike nao. Ukiwa mzito na haukatiki, na maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja popote, hapo gasketi ya silinda hedi, ile ya kuziba chini ya kichwa cha injini, imeungua au hedi yenyewe imepasuka, na gari lisitembee tena. Harufu yake huwa tamutamu, lakini ni kama mnatia kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta. Namjua Mjomba, anajaza maji ya bomba, kwa hiyo harufu msiitegemee. Na kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kikiwa cha moto!

Mweusi ni petroli imezidi hewa. Tazama chujio la hewa, kisha choki ya kabureta, kile kibati cha kubana hewa, kama haijaganda. Plagi zitakuwa na masizi makavu. Kwa moshi mweusi peke yake, injini haishushwi.

Sasa huu wa buluu, ambao fundi wenu kauona mara moja akatamka "ringi", yaani pete za pistoni zimekwisha. Buluu ni oili inaungua, hilo sibishi. Inapitia wapi? Kama gari limelala usiku, ukiwasha linatoa wingu halafu linatulia, hizo ni sili za valvu, vile vimpira vya kuzuia oili isipite kwenye valvu: oili imechuruzika taratibu ikaingia kwenye silinda. Jaribu kwenye mteremko. Shuka ukiwa ndani ya gia, mguu usiguse mafuta, ukifika chini kanyaga, na mtu akufuate nyuma atazame. Ukiyaachia mafuta hivyo injini inavuta kwa nguvu, na sili zilizochoka zinapitisha oili. Sili zinabadilishwa injini ikiwa mahali pake. Ringi zikiisha moshi hautulii, unazidi ukipanda mlima au ukibeba mzigo, na ukifungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma, inakupumulia usoni. Hata hapo, usimruhusu mtu ashike spana kabla hujatoa kile kivalvu kidogo cha kupumulia injini. Kikiziba, presha ya ndani inasukuma oili hadi ionekane kama ringi zimekwisha. Wengi wameshusha injini kwa sababu ya uchafu wa kuosha.

Wiki iliyopita aliletwa mzee mmoja na gari lenye injini kama ile yetu. Nilipofungua boneti, ile harufu ya oili ya moto ikanipeleka nyumbani moja kwa moja. Nilisimama pale mpaka wakaniuliza kama naumwa. Nilisema nasikiliza valvu.

Fundi akiendelea kubisha, mwambie apime mgandamizo, yaani presha ya kila silinda. Injini ikiwa ya moto, atoe plagi zote, akate umeme wa koili na petroli, afunge geji ya presha kwenye tundu la plagi, wewe ukanyage mafuta mpaka chini huku unapiga starta. Andika namba ya kila silinda. Iliyo chini amimine kijiko kidogo cha oili, apime tena: ikipanda, ringi, isipopanda, valvu au gasketi. Mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, fikiria gasketi kwanza. Na plagi nazo zipige picha. Yenye oili mbichi inakuonyesha silinda inayokula oili. Iliyo safi kupita wenzake huenda inaoshwa na maji.

Hela ya kupima na ya sili naituma. Ya kushusha injini haitoki mpaka nizione hizo namba, na zikisema ringi, nitalipa bila kunung'unika.

Halafu Mjomba mwambie gari haliuzwi. Nimeshajua ni nani anayemtafutia mteja, na kwa nini ghafla injini "imekufa" kabla ya kupimwa. Dada naye aache kumtetea. Kadi ya gari Mama aifungie sandukuni.

Kaka yako