Gari inajifungia breki yenyewe au taa ya njano haizimi? Anza na kioo cha mbele na nembo

Malalamiko yanayoingia gereji kwetu siku hizi yamebadilika, zamani ilikuwa bushi na shokapu, sasa hivi mteja anakuja anasema gari imejifungia breki Mandela Road hakuna hata bodaboda mbele, mwingine taa ya njano imewaka kwenye dashibodi na maneno yenyewe ya Kijapani hajui yanasemaje, fundi wa mtaani kamwambia achana nayo mbona gari inatembea.

Usiachane nayo, tunaomba sana. Gari nyingi tunazoagiza za kuanzia 2015, hizi Harrier, Forester, CX-5, zina mfumo wa kujifungia breki zikiona hatari mbele. Nyingi zinaona kwa kamera iliyo nyuma ya kioo cha mbele pale juu katikati, Subaru zenye EyeSight (jina la mfumo huo kwa Subaru) zinazo mbili, na Harrier za kuanzia 2017 zina rada pia imejificha nyuma ya nembo kwenye shoo, yaani grili ya mbele. Hizo sehemu mbili ndo tunaziharibu wenyewe bila kujua.

Nembo kwa mfano. Imeibiwa usiku, asubuhi unaenda maduka ya spea Gerezani unanunua nyingine ya bei chee inang'aa, kumbe ile ya kwanza ukiipapasa ilikuwa bapa kabisa, imetengenezwa hivo makusudi ili mawimbi ya rada yapite, hii ya kubandika inaweza kuyazuia. Kioo nacho hivohivo, kimepasuka kwa kokoto unabadilishiwa, kamera inarudishwa na kwa macho imekaa sawa, lakini ikiinama digrii moja tu basi mita 50 mbele imekosea karibu mita nzima. Alafu kuna watu wanabandika stika ya Nenda kwa Usalama palepale mbele ya kamera, jamani!

Sio kila taa ni ubovu. Gari iliyoshinda juani Posta kamera inaweza kujizima kwa joto, washa AC ipoe, inarudi. Mvua kubwa pia. Ila ikiwaka kila siku usikubali mtu aifute tu kwa mashine, kufuta taa hakunyooshi kamera.

Sisi tunaanza na upepo wa tairi na alaimenti, gari ikivuta pembeni kamera nayo itasetiwa vibaya, ndo tunaipaki kwenye sakafu iliyonyooka tunasimamisha bango la vipimo mbele yake kwa umbali aliotoa mtengenezaji, mashine inaielekeza kamera upya. Nyingine lazima ziendeshwe kwenye barabara yenye mistari inayoonekana, na kwa Dar hapo inabidi tuchague barabara kweli maana kwingi imefutika.

Unataka kubadilisha kioo, au bampa limeguswa hata kidogo, piga picha ya dashibodi tutumie WhatsApp kabla hujalipa popote. Kwa sasa acha nafasi kubwa mbele na usiitegemee hiyo breki ya kujifunga, tegemea mguu wako.