Kwa nini nilikushauri uyapinde mabapa

Rafiki yangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea pamoja na mchoro wa impela, lile gurudumu lenye mabapa linalozunguka ndani ya kompresa, mashine ya kugandamiza hewa, na kuisukuma hewa kwenda nje. Unauliza kwa nini nikushauri kuyapinda mabapa kuelekea nyuma ya mzunguko, ilhali yale yaliyonyooka kama spoki huipa hewa nguvu nyingi zaidi kwa mwendo uleule.

Katika hesabu sikupingi. Tuseme ukingo wa impela unakwenda mita 400 kwa sekunde, mabapa ni 20, hewa inaingia bila kuzungushwa, na inapotoka ina mwendo wa mita 120 kwa sekunde kuelekea nje. Kama hewa ingeyafuata mabapa yaliyonyooka barabara, kila kilo ingepokea kilojuli 160. Lakini huteleza, ikabaki nyuma kidogo, na utapata kama 144. Ukiyapinda nyuzi 40, utapata 104 hivi. Pengo hilo ndilo lililowahi kunidanganya hata mimi.

Tazama, hata hivyo, jinsi hewa inavyotoka. Mabapa yaliyonyooka huitoa kwa karibu mita 380 kwa sekunde, maana yake nusu ya kazi uliyoifanya ingali mwendo mtupu, na ni difyuza, ile njia ya kuipunguzia hewa mwendo baada ya impela, itakayolazimika kuugeuza kuwa shinikizo, shughuli ambayo haikosi upotevu. Yaliyopindwa huitoa kwa mita 286 hivi, na sehemu hiyo hushuka hadi asilimia 39. Tena, mtiririko unapopungua, mabapa yaliyopindwa huifanyia kila kilo ya hewa kazi kubwa zaidi, shinikizo likapanda, na kompresa ikawa imara zaidi dhidi ya ule mtikisiko wa hewa kurudi nyuma kwa vishindo. Gharama halisi iko kwenye chuma: ili urudishe zile kilojuli 144 itakubidi ufikishe ukingo mita 460 hivi kwa sekunde, na mkazo utokanao na mzunguko utaongezeka kwa takriban theluthi moja, mbali na kwamba bapa lililopindwa hutaka kukunjuka.

Kuhusu njia ya hewa ndani ya impela, kona yako ya kutoka kwenye mhimili kwenda nje ni kali mno. Hewa ikilazimishwa kugeuka na kupunguza mwendo kwa pamoja, ile iliyochoka, yaani iliyopoteza kasi, hujikusanya upande wa kasha, kwenye mgongo wa bapa, na yenye kasi hupita upande wa pili; zikifika kwenye difyuza bado hazijachanganyika. Legeza kona hiyo. Mabapa 10 kati ya yale 20 yafupishe yaanzie mbele kidogo baada ya mlango wa kuingilia, ili mlango huo usizibwe na unene wake, huku ukingoni yakiendelea kuzuia utelezi. Uwazi kati ya ncha za mabapa na kasha upunguze kadiri beringi zitakavyoruhusu, hasa ukingoni ambako bapa ni fupi.

Kona hiyo ukishaichora upya, nitumie kabla hujachonga chochote.

Rafiki yako wa siku zote