Kitulo: tuiweke Februari, si Juni

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

Nimesoma maoni yote kuhusu lini twende safari yetu ya kuona maua Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, kule Nyanda za Juu Kusini. Wengi mmetaka Juni kwa sababu watoto wako likizo na barabara ni kavu. Sawa, lakini Juni kule juu, kama mita 2,600, usiku baridi hugandisha na uwanda wote unabaki nyasi kavu. Tutafunga safari kwenda kuona maua ambayo hayapo!

Maua ya Kitulo yanafuata mvua: huanza Novemba hivi, yakashamiri Desemba hadi Aprili. Hifadhi ilianzishwa 2005 kwa ajili ya mimea hasa, na ina aina 45 za okidi. Mnaojua chikanda, kile chakula cha viazi vya okidi, mnafahamu jinsi viazi hivyo vilivyochimbwa na kuvushwa Zambia. Natamani sana watoto wetu wayaone maua haya yakiwa hai ardhini.

Kwa nini Februari? Machi na Aprili mvua huzidi, na zile kona za kupanda kutoka Chimala kwenda Matamba kukiwa na utelezi hazina mchezo. Tukodi magari yanayovuta tairi zote nne. Coaster hapana, hata kama ni nafuu. Tutakwenda Jumamosi, watoto wasikose shule, na tutoke Mbeya alfajiri kabla mvua za mchana hazijatukuta. Buti, sweta, koti la mvua.

Wapenzi wa jua na kuogelea, Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, tuipange Septemba.

Mnaokubali, andikeni majina hapa kabla ya Jumapili. Mwenye shida ya kifua anitumie ujumbe pembeni, tushauriane kuhusu baridi na mwinuko.