Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Dopla ya mguu ipewe mstari wake

Mheshimiwa Waziri,

Pole na majukumu. Mimi ni karani wa madai ya bima katika hospitali moja ya hapa Mbeya. Alichofanya daktari mimi nakigeuza kuwa namba na bei, kisha nasubiri mfuko ulipe au ukate. Leo naandika kuhusu kipimo kimoja tu: ultrasaundi ya mishipa ya damu, ambayo wodini tunaiita dopla.

Kwenye orodha ya bei ya mfuko mmoja tunaofanya nao kazi, dopla haina mstari wake. Imo ndani ya "ultrasaundi", basi, pamoja na ya tumbo na ya ujauzito. Aliletwa mama kutoka Rungwe, katoka kujifungua, mguu wa kushoto umevimba hadi pajani. Daktari akahofia damu imeganda kwenye mshipa wa ndani, na bonge la namna hiyo likichomoka hukimbilia mapafuni na kuua. Mtaalamu wa kipimo akaanzia kinenani, akawa anashuka taratibu huku anabonyeza. Mshipa wenye afya ukibonyezwa hulala. Wenye bonge hukataa. Wa mama huyu ulikataa. Dawa zikaanza siku hiyohiyo.

Nikajaza fomu. Ugonjwa, kwa ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa: O87.1, yaani damu kuganda kwenye mshipa wa ndani baada ya kujifungua. Huduma: ultrasaundi. Fomu ikarudi imekatwa, pembeni pameandikwa: "Mama ameshajifungua, ultrasaundi ya nini?" Mkaguzi simlaumu sana. Aliona herufi O, ambayo ni ya sura ya ujauzito na uzazi, akaona na ultrasaundi, akajumlisha. ICD husema mgonjwa anaumwa nini. Tulimfanyia nini, na kwenye kiungo gani, haimo.

Makato hayo hayaishii mezani kwangu, Mheshimiwa. Uongozi wa hospitali ukichoka kukatwa, dirishani panaanza kusikika "dopla ni taslimu". Mwenye kadi anaambiwa atoe fedha mfukoni, na aliyetoka Kyela au Chunya na nauli tu anarudi nyumbani na mguu wake uleule.

Wamarekani, pamoja na vurugu zote za bima zao, hili walishalimaliza. Katika CPT, misimbo yao ya huduma anazofanyiwa mgonjwa, dopla kamili ya vena (mishipa inayorudisha damu kwenye moyo) za miguu yote miwili ni 93970. Ya mguu mmoja, au ya sehemu tu, ni 93971. Dopla za ateri (mishipa inayotoa damu kwenye moyo) za miguu, ambazo wenye kisukari wanazihitaji mno, ni 93925 na 93926. Ateri za shingo zina zake, 93880 na 93882. Hata mshipa uliounganishwa kwa ajili ya kusafisha damu ya mgonjwa wa figo una namba yake, 93990. Siombi tuinakili, kwani ni mali ya Chama cha Madaktari cha Marekani na kuitumia kunahitaji leseni. Tutunge yetu. Mistari minne mitano inatosha kuanzia.

Najua mtaambiwa kwamba mguu mmoja ukitengwa na miwili, zipo hospitali zitakazoandika miwili kila mara. Zitakuwepo kweli, madai ya kupikwa si mageni kwetu. Basi ripoti itaje upande, itaje kila mshipa ulioangaliwa, na picha ziambatishwe. Aliyeandika miguu miwili akaleta picha za mmoja, akatwe bila huruma.

Ombi langu ni kwamba kitita cha huduma chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 kitakapopitiwa, dopla itolewe kwenye ultrasaundi ya jumla na itenganishwe kwa vena na ateri, kwa kiungo na kwa upande. Wataalamu wa radiolojia wa hospitali za kanda waketi pamoja na wakaguzi wa madai, na walau karani mmoja wa mikoani awepo kwenye kikao hicho, maana fomu tunazijaza sisi.

Naomba kuwasilisha.

Karani wa madai,
Mbeya