Kabla ya Kupandisha Dau kwa Chapa ya Mao, Geuza Karatasi

Ofisi yetu hukagua kazi za sanaa za karatasi kwa niaba ya wanunuzi wa minadani, na wateja hutuuliza mara kwa mara inakuwaje picha ya Mwenyekiti Mao iliyotengenezwa na msanii wa Marekani Andy Warhol iuzwe na nyumba ya mnada ya Sotheby's mjini New York kwa dola milioni 47.5, mwaka 2015, ilhali nyingine yenye sura ileile hutangazwa kwa makumi ya maelfu tu.

Warhol alianza kazi hizi mwaka 1972, mwaka ambao Rais Nixon wa Marekani aliizuru China, akitumia picha rasmi ya Mao iliyomo katika kile kitabu chekundu cha nukuu zake. Ile ya mamilioni ni ya turubai: sura ilichapwa kwa kupitisha wino kwenye wavu wa hariri, lakini rangi nyingi zilipakwa kwa brashi, hivyo haina pacha. Zile za makumi ya maelfu ni chapa za karatasi, seti ya picha 10, zilizochapwa na Styria Studio ya New York, kila picha ikiwa na nakala 250 mbali na nakala chache alizowekewa msanii mwenyewe. Kwa kuwa nakala zipo nyingi, hali ya karatasi ndiyo inayopandisha au kuporomosha bei.

Ndiyo maana tunaanzia nyuma, kwani sahihi ya Warhol kwa kalamu ya bolpeni na namba ya nakala iliyogongwa kwa mhuri wa mpira vyote viko upande huo, na chapa iliyogundishwa kwenye ubao wa fremu imefichwa ushahidi wake. Kisha tunapima: kila upande una takriban sentimita 91.4, na kwa kuwa rangi inafika hadi ukingoni, bila pambizo, mtu aliyepunguza ukingo ulioharibika hagunduliki kwa macho. Rangi iliyofifia kwa jua hatuna namna ya kuirudisha, na anayekuahidi hilo mkwepe.

Kuna dosari iliyowahi kuwa faida, nayo si ya kuigwa: mwigizaji Dennis Hopper aliipiga risasi mbili chapa yake, Warhol akayazungushia matundu yale alama na kuyapa majina, na mwaka 2011 nyumba ya mnada ya Christie's ikaiuza kwa dola 302,500 ingawa makadirio ya juu yalikuwa 30,000.

Mwaka huohuo ilitangazwa kwamba bodi iliyokuwa ikithibitisha kazi za Warhol ingefungwa, kwa hiyo leo mnunuzi hutegemea historia ya umiliki na ukaguzi huru. Tunaomba tutumiwe namba ya bidhaa katika katalogi mapema, ili tuiombe nyumba ya mnada ripoti ya hali pamoja na picha za nyuma, zikiwa nje ya fremu. Mkipanga kikomo cha dau, kumbukeni kwamba ada ya mnunuzi huongezwa juu ya bei ya nyundo, yaani dau la mwisho lililoshinda mnadani, na usafirishaji na ushuru hufuata baadaye.