Mhariri, ya Utaridi tupeni ukurasa mzima

Mhariri, mimi ni msomaji wenu hapa Umoja na kazi yangu ni kubeba na kusimamisha mashine za wapima ardhi. Naandika juu ya ile habari ya BepiColombo, chombo cha angani kinachoenda sayari ya Utaridi, mliyoiweka chini kabisa ya ukurasa, mistari kama sita hivi, ikaisha hata kabla haijaanza.

Kuna jioni moja mwezi wa kumi tulikuwa Kitengela tunapima ploti, mwenyewe alitaka bikoni ziwekwe siku hiyohiyo, tukachelewa mpaka tukawa tunamulikia kwa tochi za simu. GPS iko kwa stendi yake, hakuna mtu ameigusa, lakini kitu saa mbili hivi namba zikaanza kuruka, mara huku mara kule, tukabadilisha betri, tukapangusa antena, wapi. Kesho yake bosi ndio alitueleza ati huku karibu na ikweta ile hewa ya juu kabisa, ambayo jua huipa chaji ya umeme mchana, huchafuka jua likishatua, sanasana Machi na kuanzia Septemba, na ile miaka jua lenyewe lina machafuko mengi ndio mbaya zaidi. Tangu hiyo siku mambo ya jua nayafuata sana.

Sasa Utaridi, wengine huiita Zebaki, ndiyo iko karibu na jua kuliko zote. Jua hupuliza chembe za umeme saa zote, kitu kama kilomita 400 kwa sekunde, na sisi Dunia ina sumaku ya nguvu inayotukinga. Utaridi pia iko na sumaku, chombo cha Marekani, Mariner 10, ndio kiliigundua 1974 na wataalamu wakashangaa, lakini nguvu yake ni kama asilimia 1 tu ya yetu. Ni nyumba ya mabati yaliyotoboka, huo upepo unapenya mpaka unagonga mawe yenyewe na kung'oa atomi za sodiamu.

BepiColombo ni ya Ulaya na Japani, iliruka Oktoba 2018 ikiwa imebeba vyombo viwili na utamu uko hapo. Mvua ikinyesha ukiwa ndani unaona maji yakidondoka kwa besheni lakini hujui nje inanyesha aje, ukitoka nje unaona mvua lakini besheni huioni. MESSENGER ya Marekani ilizunguka Utaridi 2011 mpaka 2015 ikiwa peke yake. Safari hii Mio, chombo cha Japani, kitakuwa kikienda mbali mpaka zaidi ya kilomita 11,000 juu na kile cha Ulaya kinabaki chini karibu, kwa hivyo kuna saa mmoja yuko kwa mvua na mwenzake yuko kwa besheni. Na kule mambo huenda mbio, upepo ukibadilika sumaku inatikisika ndani ya dakika chache, ukichelewa kupima umekosa.

Injini zake za umeme zilipungukiwa nguvu 2024, ndio maana badala ya Desemba 2025 ratiba ya kufika ikasogezwa Novemba 2026. Kijana wangu aliniuliza mbona miaka nane na sayari iko karibu, nikamwambia ukielekea jua linakuvuta unazidi spidi, kazi kubwa ni breki, ndio imebidi ipite karibu na Dunia mara moja, Zuhura mara mbili na Utaridi yenyewe mara sita, mvuto wa sayari uisaidie kupunguza spidi.

Na hakuna mtu aseme haya ni ya wageni. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa hapa kwetu, baharini karibu na Malindi, Desemba 12, 1970, ikaenda kupima eksirei za nyota, jina lenyewe ni letu.

Kwa hivyo Mhariri, hicho chombo kikifika tupeni ukurasa mzima na mchoro, kwa Kiswahili cha kueleweka, na mwongee pia na watu wa kazi kama yetu wanaotegemea GPS kila siku. Mimi nitanunua nakala mbili, moja ya kijana na moja niibandike ofisini, hapo ukutani juu ya mashine.

Msomaji wenu,
Umoja, Nairobi