Yah: Meza mbili na sinki mlizoniuzia kwa jina la stenlesi daraja la 304

Kwa Meneja Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ankara mnayo na masharti ya dhamana mliyaandika wenyewe, sitayarudia. Nilichofuata dukani kwenu Jumamosi ni kubadilishiwa mzigo tu. Nilileta picha za kutu na kipande alichokata fundi nyuma ya sinki alipopitisha bomba. Nilipanga foleni. Kijana wenu wa mauzo hakuomba hata ankara. Alivuta droo, akatoa sumaku, akaigusisha kwenye kipande changu, ikaanguka. Akasema mbele ya wateja wasiopungua sita: “Mama, sumaku hainasi, hii ni 304. Kutu ni uchafu wako.”

Meneja, nimelisha watu miaka kumi na tisa. Hakuna aliyewahi kuniambia neno hilo.

Naomba mfahamu kwamba sumaku haiwezi kutoa hukumu hiyo. 304 ina kromi kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8, na nikeli hiyo ndiyo inayoifanya isinaswe. Lakini stenlesi ya 201, ambayo ni ya bei ya chini, nayo hainaswi: nikeli imepunguzwa, manganizi imeongezwa kufanya kazi hiyohiyo. Kwa zote mbili sumaku itaanguka vilevile. Tofauti huja kuonekana kwenye chumvi, 201 hushika kutu mapema, na jiko langu liko Kigamboni, napika samaki. Tena 430 inanasa sumaku vizuri na ni stenlesi halali. Visu vyangu vyote vinanasa na havina doa. Hata 304 yenyewe ikikunjwa, kwenye mkunjo huweza kuvuta sumaku kidogo. Kwa kipimo chenu mngeweza kuikataa bidhaa nzuri na kuipitisha mbovu.

Najua pia hata 304 ina mipaka yake karibu na bahari. Ndiyo maana kila jioni tunasuuza meza kwa maji ya bomba na kuzikausha, hatutumii steliwaya wala dawa ya klorini. Madoa yalianza wiki ya tano. Nilipiga simu mara nne mwezi Julai, kila mara nikaambiwa nitapigiwa.

Narudi kwenye ile Jumamosi, maana hainitoki. Sumaku ilipoanguka aliiokota akaigusisha tena, polepole, akiwatazama wale wateja, si mimi. Binti ninayefanya naye kazi, ambaye ndiye anayeosha meza hizo kwa mikono yake, alikuwa kando yangu ameshika picha. Aliposikia “uchafu wako” aliinamisha kichwa. Mama mmoja kwenye foleni akanigeukia, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Na kijana huyo ndiye aliyeniuzia mwezi Mei kwa sumaku ileile! Ilianguka, nikatoa shilingi 2,350,000. Imeanguka tena, nimefukuzwa.

Nilikuja kubadilishiwa. Sasa sitaki kubadilishiwa. Naomba cheti cha kiwanda kinachoonyesha viambato vya bati mlilotumia, au mlipie kipimo cha maabara mimi nikiwepo. Kama si 304 mnirudishie fedha zote, gharama ya usafiri na ya fundi. Na kijana huyo aniombe radhi, mimi na binti yangu, dukani, mbele ya wateja, palepale alipotutukania.

Nawapa siku saba. Nilikuwa nimeandika kumi na nne, nimezifuta. Siku ya nane nitapeleka picha, ankara na nakala ya barua hii Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango, na meza nitazishusha mlangoni kwenu zikiwa na kutu yake, kila anayeingia azione.

Kile kipande kijana wenu alikitupia kwenye droo pamoja na sumaku yake. Ni mali yangu na ni ushahidi wangu. Nakitaka leo.

Wenu,
Mteja, Kigamboni